Tiketi ya euro 20 iliyokula euro 147

Ujumbe uliingia saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, siku ya Jumanne, Septemba 2025, nikiwa bado nimejifunika Dortmund, Ujerumani. "Shikamoo mjomba. Samahani kukuamsha. Wamenirudisha." Mtoto kaachwa na ndege, yuko peke yake kwenye kiwanja cha nje ya Paris, na bado kaikumbuka shikamoo. Nikampigia. Nilidhani nitamkuta analia, kumbe alikuwa anapiga hesabu.

Kisa hiki ni cha mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Tanga, aliyekuwa na miaka 24 na anasoma shahada ya uzamili Bonn. Kanipa ruhusa nikiandike, na daftari lake la matumizi kaniazima, kwa sharti moja kwamba jina lake nisilitaje. Nimelipitia ukurasa kwa ukurasa. Vijana wengi wa kwetu walioko masomoni huku wanapanga safari kama yake, na wengi wanakosea palepale alipokosea. Na mahali wanapodhani wamekosea sipo penyewe.

Fedha kwanza. Mwanafunzi kutoka nje ya Umoja wa Ulaya asiye na mfadhili huingia Ujerumani akiwa ameweka fedha kwenye akaunti ya kuzuiliwa, euro 11,904 kwa mwaka, na kila mwezi anaachiwa 992 tu. Humo mna kodi ya chumba, bima ya afya, chakula, simu na vitabu. Mpwa wangu alijikusanyia euro 430 kwa miezi mingi, nyingine zikitoka kwenye kuosha vyombo mgahawani Jumamosi. Mpango wake ulikuwa siku kumi: Luxembourg, Paris, Milan, Venice, Salzburg, kisha nyumbani. Aliniletea kwenye karatasi moja iliyopigwa mistari kwa rula. Nikaisoma nikinywa chai, nikamwambia, "Safi sana." Neno hilo nitalirudia baadaye.

Kabla sijamkosoa, nimsifu. Siku ya kwanza ilikuwa kazi ya fundi. Wanafunzi wa vyuo vingi Ujerumani wanalipa, ndani ya ada ya muhula, tiketi inayopanda treni za mkoa na mabasi ya mijini nchi nzima. Bei yake ni asilimia 60 ya ile tiketi ya mwezi ya watu wote, ambayo mwaka ule ilikuwa euro 58. Haipandi treni za mwendo kasi, ICE na IC, ila kwa treni za taratibu unaweza kuizunguka Ujerumani yote bila kutoa senti. Akatoka Bonn hadi Koblenz, akabadili, akafuata mto Mosel na mizabibu yake hadi Trier, na treni ikavuka mpaka. Ng'ambo ya mpaka tiketi haihitajiki kabisa: tangu tarehe 29 Februari 2020 usafiri wa umma Luxembourg ni bure kwa kila mtu, mwenyeji na mgeni. Anayelipa ni wa daraja la kwanza peke yake. Daftari linaonyesha hivi: nauli 0, chakula chapati mbili.

Chapati zenyewe zilikuwa kumi na mbili, kazikunja kwenye karatasi ya foili, pamoja na mayai ya kuchemsha na mfuko wa karanga. Wenzake Wajerumani walimcheka. Waliocheka ndio walionunua sandwichi za euro saba stesheni.

Kulala Luxembourg ni ghali, basi hakulala. Alizunguka mji wa kale, akapanda na kushuka lifti ya kioo ya Pfaffenthal, ile ya mita 71 ambayo nayo ni bure, mara tatu kwa mujibu wa daftari, halafu usiku akapanda basi la Paris kwa euro 24. Basi la usiku ni nauli na kitanda kwa bei moja, alisema. Ni kweli, ingawa kitanda chenyewe kina jirani anayekukoromea begani. Alfajiri akashushwa kituo cha Bercy Seine, na bustani zilipofunguliwa akaenda kusinzia kwenye kiti cha bustani ambayo nayo inaitwa Luxembourg.

Paris alikaa usiku mbili, hosteli ya vitanda sita chumbani, euro 41 kwa usiku. Tiketi ya metro mwaka ule ilikuwa euro 2.50 safari moja, kwa hiyo alitembea. Jumatatu akaenda Louvre. Mlangoni watalii walikuwa wanalipa euro 22, yeye akatoa kadi ya ukaazi ya Ujerumani. Mlinzi akaisoma mwaka wa kuzaliwa, akaigeuza nyuma, akamwonyesha apite. Hili watu hawalijui: msamaha wa Louvre kwa vijana wa miaka 18 hadi 25 hautazami pasipoti, unatazama mahali unapoishi. Mtanzania mwenye ukaazi wa Ujerumani anaingia bure kama Mjerumani. Nafasi tu uiwekee mapema kwenye mtandao, na usiende Jumanne maana wanafunga. Kwa binamu yake angekuja matembezi kutoka Dar, hesabu ni nyingine kabisa: viza ya Schengen, lile eneo la nchi za Ulaya zilizofutiana ukaguzi wa mipakani, euro 90 tangu Juni 2024, bima isiyopungua euro 30,000, na tangu Januari 2026 mlango wa Louvre kwa wasio wakazi wa Ulaya umepanda hadi euro 32.

Jioni ya Jumatatu akaenda Château Rouge, mtaa wa sokoni ambako mihogo, ndizi na samaki wakavu vimejaa mabarazani. Nje ya metro kuna akina mama wanaochoma mahindi juu ya toroli la supamaketi, jiko limekaa pale panapowekwa bidhaa. Mmoja alikuwa anamgombeza mwenzake kwa Kiswahili cha Bukavu, kwamba kamchukulia makaa. Mpwa wangu akaamkia. Mama akasimama na koleo mkononi: "Weye wa Tanzania? Ile Kiswahili ya kitabu!" Akanunua hindi moja kwa euro mbili, akapewa la pili la kulalia. Kwenye daftari hindi la pili kaliandika chini ya mapato.

Sasa tuje kwenye Jumanne.

Wiki tatu nyuma alikuwa amenunua tiketi ya ndege Paris hadi Milan kwa euro 20 kasoro senti. Paris maana yake Beauvais, mji ulio kilomita themanini na kitu kaskazini. Milan maana yake Bergamo, nao ni mji mwingine, mwendo wa karibu saa nzima kwa basi. Ndege iliondoka saa kumi na mbili na dakika kumi. Akatoka hosteli usiku wa manane, akapanda basi la kiwanjani kwa euro 17, akapita ukaguzi wa mizigo, akafika mlango wa kupandia mapema kabisa. Begi lake la mgongoni lilitosha kwenye kile kisanduku cha kupimia, na hapo alijiona ameshashinda, maana hofu yake yote ilikuwa kwenye begi.

Dada wa mlangoni akatazama karatasi ya safari, akatazama pasipoti, akauliza muhuri uko wapi.

Tiketi yake ilikuwa na sharti kwamba abiria asiye raia wa Umoja wa Ulaya apeleke hati zake kwanza dawatini, zikaguliwe, karatasi igongwe muhuri, ndipo aende kwenye ukaguzi wa mizigo. Limeandikwa kwenye karatasi yenyewe, kwa herufi ambazo nimezisoma kwa miwani. Ndani ya Schengen hakuna afisa uhamiaji anayekusubiri ukishuka, na mtu hujiuliza muhuri wa nini. Sababu iko kwenye kanuni za wasafirishaji: sheria ya Umoja ya 2001 inalipiga shirika faini ya maelfu ya euro kwa kila abiria linayemwingiza Schengen kutoka nje bila hati sahihi. Mashirika mengine yanaona rahisi kumkagua kila mwenye pasipoti ya kigeni, hata asipotoka nje. Si haki sana, lakini sharti ni sharti.

Akarudi mbio dawatini. Mbele yake palikuwa na familia moja na mabegi manne. Dawati lilifungwa saa kumi na moja na nusu, dakika 40 kabla ya ndege kuruka. Alikuwa wa pili kwenye mstari.

Hapa narudi kwenye "safi sana" yangu. Mimi miaka ya mwanzo niligongewa muhuri huo mara nyingi. Baadaye nikachukua uraia wa huku, na kwa kuwa Tanzania hairuhusu uraia pacha nikairudisha pasipoti ya nyumbani, jambo ambalo sipendi kulizungumza. Tangu hapo napita na simu mkononi kama watu wengine. Nilipoitazama ratiba ya mpwa wangu niliitazama kwa pasipoti yangu ya sasa, na muhuri ulishanitoka kichwani. Anayekusomea mpango wa safari muulize kwanza anasafiri na kitabu gani.

Nikamwambia natuma hela sasa hivi. Akakataa. "Mjomba, nikichukua hela yako nitakuwa sijasafiri kwa 430." Nikabaki na simu sikioni namsikiliza anakokotoa.

Hesabu yake ya asubuhi ile, kama ilivyo daftarini: tiketi ya ndege 20, imekwenda. Basi la kwenda kiwanjani 17. Basi la kurudi mjini 17. Basi la usiku kwenda Milan, bei ya siku hiyohiyo, 59. Kitanda cha Milan usiku huo 34, kimeshalipwa na hakirudishwi. Jumla 147. Amepigia mstari mara mbili, wa pili umetoboa karatasi.

Wengi wakisikia kisa hiki wanasema: muhuri ndio uliomponza. Mimi nasema muhuri ulimpa jina tu la kulitupia lawama. Tuchukulie kila kitu kingekwenda sawa. Ndege 20, basi la Beauvais 17, basi la kutoka Bergamo hadi Milan kama 10, kitanda cha usiku huo 34. Hizo ni euro 81 kumfikisha Milan na kuamka hapo Jumatano asubuhi. Wiki ileile aliyonunua tiketi ya ndege, basi la usiku lilikuwa linauzwa 32. Tulilikuta kwenye picha aliyoihifadhi simuni alipokuwa analinganisha bei. Basi hilo lingemshusha Milan Jumatano asubuhi vilevile, na Jumanne nzima angebaki nayo Paris. Mpango wake ulikuwa umepoteza euro 49 kabla hajatoka nyumbani. Kwenye ile karatasi ya rula nauli za kwenda na kutoka viwanjani hazikuwamo kabisa. Aliandika "Paris–Milan: 20", na mimi nikaisoma "Paris–Milan: 20", wote wawili watu wenye shahada.

Nimemuuliza kwa nini aliichagua ndege. Alikaa kimya kidogo, halafu akasema kwamba nyumbani basi la usiku ni la shida na ndege ni ya wenye nazo, na alipoona ndege kwa euro 20 mkono ulibonyeza wenyewe. Nimemwelewa. Hakuna daftari la matumizi lenye safu ya kuandikia jambo hilo.

Jumanne mchana alilala kwenye nyasi, jioni akapanda basi. Njia ya Milan hupenya milima ya Alps kwa handaki, na safari hii lilikuwa la Fréjus, maana lile la Mont Blanc lilifungwa vuli hiyo kwa matengenezo. Karibu na handaki basi likasimamishwa na polisi wakaingia. Schengen ya kwenye vitabu haina mipaka ya ndani. Ya barabarani inayo: Ufaransa ilirudisha ukaguzi mwaka 2015, na Ujerumani inakagua mipaka yake yote ya nchi kavu tangu Septemba 2024. Yeye alikuwa na pasipoti na kadi ya ukaazi kwenye pochi ya kifuani, zote mbili. Kijana wa kiti cha mbele alikuwa na kadi peke yake, pasipoti kaiacha chumbani ili isipotee. Kadi bila pasipoti haitoshi kuvukia. Vinatakiwa vyote viwili. Walimshusha, basi likasubiri nusu saa, likaondoka bila yeye. Mpwa wangu anasema hakupata usingizi tena hadi Milan, na aliona aibu kwamba alichowaza kwanza ni afadhali si mimi.

Asubuhi ya Jumatano alikuwa na euro 147 mfukoni. Ni sadfa tu kwamba tarakimu zililingana na hasara, lakini yeye aliichukulia kama kejeli. Mpango uliobaki, Venice usiku mbili, Salzburg usiku mmoja na chakula, ulihitaji 219. Pungufu 72. Alichofanya hapo ndicho ninachokihesabu kuwa ustadi wa safari nzima. Watu wengi wakipungukiwa hukata chakula, siku ya tatu wanaumwa kichwa, wanaishia kununua piza ya watalii kwa hasira. Yeye alikata vitanda. Usiku wa pili wa Venice akaufuta, wa Salzburg akaufuta, na safari ya siku kumi ikawa saba.

Milan aliipita. Akapanda treni ya mkoa na kubadili Verona. Nauli za treni hizo Italia hazipandi hata ukinunua dakika tano kabla, tofauti na zile za kasi. Akalala Mestre, upande wa bara wa Venice, euro 31, na kodi ya mgeni juu yake, ambayo huwa haimo kwenye bei ya mtandaoni. Hizi kodi ndogondogo za usiku ndizo mchwa wa bajeti.

Alhamisi nzima Venice. Boti ya abiria ni euro 9.50 kwa dakika 75, akaikataa. Badala yake alivuka Mfereji Mkuu kwa traghetto, mashua inayovusha watu kutoka ukingo hadi ukingo kwa euro mbili, abiria wengi wamesimama kama wako kwenye kivuko cha Pangani. Ada ya kuingia mjini kwa wageni wa siku moja ilishakwisha msimu wake Julai, na hata isingekwisha, aliyelala Mestre haitozwi kwa kuwa Mestre ni manispaa ya Venice. Kahawa alikunywa kaunta, kwa kusimama. Kikombe kilekile ukikaa mezani bei inapanda, na kwenye uwanja wa San Marco usikae hata kama miguu inakufa. Maji akajaza kwenye mabomba ya mtaani. Aliniletea picha moja ya siku hiyo: viatu vyake viwili ukingoni mwa maji, na katikati yake chapati ya mwisho, imekauka kama kigae.

Usiku akapanda basi la Salzburg, euro 33. Kwa nini Salzburg na si moja kwa moja Ujerumani? Kwa sababu stesheni kuu ya Salzburg, ingawa iko Austria, imo ndani ya eneo la ile tiketi yake ya muhula. Kuanzia hapo hadi Bonn nauli ni sifuri. Akatembea mjini asubuhi, akaingia treni ya Munich, polisi wakapita Freilassing wakitazama hati, akaendelea kwa treni za taratibu, akibadili na kubadili hadi usiku. Ijumaa saa tano kasoro usiku akanitumia picha ya mlango wa chumba chake. Ametoka na 430, amerudi na 22.

Mimi bado namlaumu kidogo kwa kukataa hela yangu. Siku tatu za Austria na Italia hazirudi kirahisi, na mjomba ni wa nini. Yeye anasema ningemtumia, asingeujua ujanja wa kukata vitanda. Tumebishana hilo kwenye simu mara mbili, na mama yake kaingilia mara moja, upande wa mwanawe.

Wiki moja baadaye hosteli ya Milan, ile ambayo hakuikanyaga, ilimwandikia barua pepe kuuliza amelalaje na awape nyota ngapi. Akawapa nne. Ya tano, kaandika, ameizuia kwa kuwa hakusikia kelele yoyote.